Ngoma Zetu Si Pambo la Tarehe 20 Juni

Vijana wenzetu, na nyinyi kaka na dada zetu wa mashirika, mnaotusoma kimya kimya bila hata kuweka alama ya kupenda, leo tunaandika tukiwa na hasira kidogo. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, halafu mtujibu.

Mwaka huu, kama kila mwaka, tuliitwa kikao wiki mbili kabla ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Sisi ndio wale wa kujitolea: tunapanga viti, tunafunga maturubai, tunapita kijiji kwa kijiji kuita vikundi vya ngoma. Tulipoangalia ratiba tukaona hotuba sita, na chini yake "ngoma za asili, dakika nne". Dakika nne kwa vikundi vitatu. Tulipouliza, tukaambiwa mgeni ana ndege ya kuwahi. Sawa, mgeni hatuwezi kumzuia.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha wapiga ngoma wa Kirundi. Waliambiwa ngoma zibaki nne kwa sababu jukwaa ni dogo. Kikundi cha pili walikuwa mama zetu Wabembe. Waliambiwa wimbo wao haueleweki, basi waweke humo maneno ya kunawa mikono. Wa tatu alikuwa mzee mmoja na inanga yake. Alipoanza kuimba, mshereheshaji akamkatiza: "Mzee, paza sauti, huku nyuma hatukusikii!" Mzee akajaribu kupaza, akakohoa, akatabasamu, akashuka. Watu wakampigia makofi. Na sisi tulipiga makofi. Ndiyo maana tunaandika, kwa sababu yale makofi yametukaa kooni mpaka leo.

Tuanze na yule mzee. Inanga, kwa ambaye hajaiona, ni kipande cha mti kilichochongwa kama sahani ndefu, na nyuzi zake zimevutwa huku na huku juu yake. Sauti yake ni ya chini sana. Kwa hiyo wazee wa Burundi huimba inanga kwa kunong'ona. Ule mnong'ono unaingia ndani ya sauti ya nyuzi mpaka unashindwa kujua mti unaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Ni muziki wa ndani ya nyumba, wa usiku, wa watu wanane tisa waliozunguka moto na kuinama kidogo ili wasikie. Kumwambia mpiga inanga apaze sauti ni kama kumwambia mtu anayekueleza siri yake apande juu ya tangi la maji akaipige kelele. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile, tunajua. Lakini nia nzuri haikumsaidia mzee.

Sasa zile ngoma nne. Ngoma za Kirundi hazipangwi ovyo. Kuna moja inakaa katikati, inaitwa inkiranya, ndiyo inayoongoza. Nyingine zinaizunguka kwa nusu duara. Amashakwe zinashikilia mdundo usiokatika, ibishikizo zinafuata kile inkiranya inachosema. Kwa desturi idadi yake ni witiri, yaani haigawanyiki kwa mbili, na kwa kawaida zinafika kumi na kitu. Mti wake wa kuchongea unaitwa umuvugangoma, ambao huku Tanzania watu wanauita mringaringa, na jina hilo la Kirundi lenyewe linasema kwamba huu ni mti unaofanya ngoma iongee. Ukisema "leteni nne zinatosha", umefanya kama mtu anayeambiwa sentensi ina maneno kumi na moja halafu anaomba apewe manne, yoyote yale.

Hapa ndipo penye swali letu: muziki wa asili maana yake nini? Tumegundua kwamba watu wa ofisini wana jibu moja, serikali zina jibu la pili, sisi vijana tuna jibu la tatu, na yote matatu tunayakataa.

Jibu la ofisini ni kwamba muziki wa asili ni burudani ya kufungulia shughuli. Unaita watu, unachangamsha mkutano, unapigwa picha, halafu ndiyo yanaanza mambo yenyewe. Tunasema hapana. Angalieni hata maneno yetu. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo, ni wimbo, ni mchezo, na ni mkusanyiko wenyewe. Ukisema "kesho kuna ngoma", umeshataja vyote kwa mara moja. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma, na ni utawala wa mfalme pia. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, ngoma takatifu ya Karyenda iliwekwa katikati ya bendera ya nchi. Ngoma zilipigwa katika umuganuro, sherehe ya mtama, pale mfalme alipofungua msimu wa kupanda. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa na "burudani" huku na "mambo yenyewe" kule. Ngoma ndiyo ilikuwa mambo yenyewe. Bila ngoma, msimu haujafunguliwa.

Na si ngoma za wafalme peke yake. Wanawake wa Burundi wana akazehe. Hii ni salamu ya kuimba. Wawili wanakutana, labda hawajaonana muda mrefu, mmoja anaanza, mwingine anapokea, sauti zinapishana na kufukuzana kwa haraka mpaka zinaishia pamoja. Ndani yake wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, na wanatakiana heri. Sasa tuambieni, hiyo ni burudani? Hiyo ni kazi. Ni kazi ya kumwambia mtu: nimekuona, bado upo, na mimi bado nipo. Katika kambi ambako kitu cha kwanza unachoulizwa ni namba ya kadi ya mgao, kazi hiyo siyo ndogo.

Tuwe wa haki. Kunawa mikono ni muhimu, na wengi wetu tumejitolea kwenye afya na usafi, tumebeba madumu ya klorini wakati wa kipindupindu. Hatupingi nyimbo za afya. Mkitaka wimbo wa kunawa mikono, tupeni siku tatu na soda mbili, tutatunga wimbo ambao watoto watauimba mpaka mchoke nao. Tunachopinga ni kuchukua wimbo wa mama aliyefiwa, kuutoa maneno yake, kuubakiza mdundo, na kujaza sabuni humo ndani. Mama zetu Wabembe siku ile waliimba kuhusu sabuni kwa sauti ya kilio. Wageni walitikisa vichwa kwa furaha. Wanaojua Kibembe waliangalia chini.

Jibu la pili ni la serikali na wakubwa, linalosema muziki wa asili ni urithi, na urithi una wenyewe na mlinzi wake. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Tulifurahi, hata ambao hatukujua UNESCO ni nani. Lakini mwezi wa 10 mwaka 2017 ikatoka amri ya rais huko Burundi: wanawake wasipige ngoma hizo, na anayetaka kuzipeleka kwenye shughuli isiyo rasmi aombe kibali wizarani na alipe faranga laki tano. Hatuandiki siasa hapa, na tunawaomba wanaotoa maoni wasituletee siasa. Tunauliza kuhusu muziki tu. Ulinzi wa aina hiyo unalinda nini?

Hili linatuhusu kwa karibu. Katika kikundi chetu cha ngoma kuna wasichana wanne. Walianza wakiwa wadogo, wakipiga madumu ya maji na magaloni ya mafuta ya mgao nyuma ya shule, maana ngoma za kweli zilikuwa chache na mti kukata hairuhusiwi. Leo mmoja wao ndiye anayesimama kwenye inkiranya vizuri kuliko sisi wanaume wote, na anayebisha aje Jumapili jioni ashindane naye. Lakini kila tukitokea, kuna mzee mmoja au wawili wanasema hiyo si asili, mnaharibu. Na kuna kijana mmoja alimwambia yule dada kwamba kule nyumbani angekamatwa. Dada akamjibu, "Ndiyo maana napiga huku." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka.

Tunawaheshimu wazee. Ni kweli zamani kupiga ngoma za mfalme ilikuwa kazi ya koo maalumu, na baba alimrithisha mtoto wa kiume. Hilo hatulifuti. Lakini wazee wetu, ufalme wenyewe uliisha mwaka 1966. Mfalme aliondoka, umuganuro wa zamani ukaondoka, hata ile ngoma ya kwenye bendera ikaondoka. Ngoma zilibaki. Zilihamia kwenye sherehe za uhuru, kwenye harusi, kwenye viwanja vya mpira, zikapanda ndege kwenda Ulaya. Mabadiliko yote hayo mliyakubali. Mbona badiliko mnalolikataa ni lile moja tu la msichana kushika fimbo?

Na kuna jambo lingine ambalo tulilisoma tukashindwa kulala. Miaka ya 1960 Wafaransa walirekodi ngoma za Burundi na kuzitoa kwenye sahani ya kampuni ya Ocora. Mwaka 1971 mtu akaichukua rekodi hiyo, akaongezea gitaa na vinanda, ikauzwa Uingereza kwa jina la "Burundi Black". Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada akaweka ngoma hizo hizo chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Kuanzia mwaka 1980 bendi za vijana wa London, kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, zikajenga midundo yao juu ya mdundo wa Burundi. Hatujui kama waliopiga siku ile walipata hata kilo ya maharage. Kwa hiyo mdundo wa babu yetu ulifika London bila kuomba kibali cha mtu, lakini mjukuu wake wa kike aliyekaa nao jirani anaambiwa si wake. Kama huo ndio ulinzi wa asili, basi mlango wa mbele umefungwa kwa mwenye nyumba na dirisha la nyuma liko wazi.

Tunapenda kuwakumbusha pia ndugu zetu wa Kongo kisa cha Konono N°1. Hawa walikuwa watu waliotoka upande wa mpaka wa Angola wakahamia Kinshasa, na likembe zao. Mjini kulikuwa na kelele, likembe haisikiki. Mzee Mingiedi akachukua sumaku kutoka kwenye vyuma chakavu vya magari, akatengeneza vinasa sauti, akaunganisha na spika za zamani. Likembe zikaanza kunguruma na kukwaruza. Ile mikwaruzo ambayo fundi wa kawaida angesema ni hitilafu, wao wakaifanya sehemu ya muziki. Albamu yao "Congotronics" ilitoka mwaka 2004 na dunia nzima ikashangaa. Je, ile si asili kwa sababu ina umeme? Tunasema ni asili kabisa, maana walibeba walichokuwa nacho, wakakiokoa kwa vitu walivyovikuta mahali walipofika. Kama kuna watu duniani wanaopaswa kuelewa jambo hilo bila kuelezwa, ni sisi.

Maana ya muziki wa asili, kwa hiyo, kwetu sisi ni hii: ni muziki ambao watu wanauhitaji kwa kazi fulani ya maisha yao, kusalimiana, kulia, kulaza mtoto, kuoana, kupanda, kukumbuka, na wanaupokezana kwa mikono na midomo yao. Siku kazi hiyo ikiondolewa, hata kama mavazi ni yale yale na ngoma ni zile zile, kilichobaki ni picha tu. Na siku kazi hiyo ikiendelea, hata kama ngoma ni dumu la lita ishirini na anayepiga ni msichana, muziki upo.

Sasa jibu la tatu, la kwetu wenyewe. Hapa tupunguze sauti kidogo, maana tunajisema. Sisi vijana tumekuwa tukiita nyimbo hizi "mambo ya wazee". Wengi wetu tulizaliwa kambini au tulifika tukiwa mgongoni. Tunajua Bongo Fleva yote, tunajua amapiano, tunajua nani amegombana na nani Dar es Salaam. Hatuna ubaya na hayo, na sisi tunacheza. Lakini bibi akianza kuimba tunaweka sikioni vile vispika vidogo. Wengine tumefundishwa kanisani kwamba ngoma za mababu ni mapepo, tukaamini bila hata kuuliza mapepo gani yanayomwambia mtu habari za watoto wako. Tunaona aibu. Tunafikiri mtu wa kisasa ni yule asiye na kwao. Halafu tunalalamika kwamba mashirika yanatuona kama namba!

Tuwaambie kisa kimoja, kisha tumalize. Kwenye mtaa wetu kulikuwa na bibi wawili waliokuwa wanapigiana akazehe. Kila asubuhi ya siku ya mgao walikutana kwenye foleni, wakaanza. Foleni nzima ilikuwa inanyamaza, hata wale walinzi. Sisi tulishalisikia mara nyingi mpaka tukalizoea, kama unavyozoea jogoo. Mwaka jana mmoja wao alijiandikisha kurudi na familia yake. Asubuhi ya msafara alipanda basi, mwenzake akasimama chini karibu na dirisha, wakaimbiana mpaka basi likaondoka. Hakuna aliyerekodi. Tulikuwa watano pale, kila mmoja na simu mkononi, tunapakia mizigo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria.

Akazehe haiimbwi na mtu mmoja. Yule bibi aliyebaki alikaa miezi bila kuimba. Tulimfuata tukamwomba atuimbie ili tumrekodi, akatuuliza, "Nimsalimie nani?" Hatukuwa na jibu. Baadaye yule dada yetu wa inkiranya alianza kwenda kwake jioni kujifunza sauti ya pili. Bado anakosea. Bibi anamkatiza kila baada ya muda mfupi na kumwambia anakimbia sana. Lakini wiki iliyopita kwenye foleni walijaribu, kidogo tu, na watu wakageuka.

Basi, haya ndiyo tunayoomba, tumeyaandika wazi ili mtu asiseme hakuelewa.

Kwa mashirika: kwanza, mkituita kupiga, mtuulize tunapiga nini, tuko wangapi na tunahitaji muda gani, kabla ratiba haijachapwa. Pili, mnamlipa mwenye spika, mnamlipa mwenye viti, mnamlipa mpiga picha. Mpiga ngoma mnampa fulana. Mlipeni na yeye. Tatu, mkirekodi, ombeni ruhusa na mrudishe nakala. Nyimbo za mama zetu ziko kwenye ripoti na video zenu, na wenyewe hawajawahi kuziona. Nne, msibadilishe maneno ya wimbo ambao hamjauliza unasema nini. Tano, kukiwa na msiba, tusaidieni kuongea na wahusika watu waruhusiwe kukesha na kuimba. Kilio cha mtu hakiwezi kufungwa saa kumi na mbili jioni.

Kwa wazee: tufundisheni sisi tulio hapa, wa kiume na wa kike. Mkisubiri wanafunzi mliokuwa mnawataka, mtaondoka nazo.

Kwa sisi vijana: Jumamosi hii kila mmoja aende kwa mzee mmoja. Si lazima awe wa kabila lako. Usianze kwa kutoa simu. Kaa, mchotee maji, mwulize wimbo huu unaimbwa lini, na nani, na kwa nini. Akikubali, ndiyo urekodi, na uandike jina la wimbo na lugha yake. Wapo wanaorudi nyumbani mwezi ujao. Wapo wanaosubiri ndege ya Marekani au Kanada. Wapo ambao hawaendi popote ila umri umekwenda. Kila msafara unaoondoka unaondoka na sauti ya pili ya mtu.

Na yule mzee wa inanga, tulimfuata. Tulimwomba radhi kwa yale makofi. Akasema hana kinyongo, ila safari nyingine tusimpeleke kwenye jua. Alhamisi usiku tulikwenda kwake watu tisa, tukazima simu, tukakaa chini. Alipiga karibu saa mbili. Alinong'ona, na hata aliyekaa mlangoni alisikia kila neno.

Wiki hii tunarudi tena. Nafasi ni chache, nyumba ni ndogo. Anayetaka kuja atuambie mapema.